Robo Saa ya Zamu Mbili

Mama Makatoni alitoka ofisini kwa mkurugenzi akitembea kwa heshima zake, akafunga mlango taratibu, akampa karani wa mapokezi salamu ya kawaida kabisa. Alipofika kwenye korido ya stoo, ambako hakukuwa na mtu, alirukaruka mara tatu kama msichana anayeruka kamba. Mwanamke wa miaka arobaini na minane huyo, mwenye binti chuoni na goti la kulia linalolalamika kila kukiwa na baridi. Siku hiyo hata goti lilinyamaza.

Kilichomrusha si kupandishwa cheo. Mkurugenzi alikuwa amemkabidhi kazi ya kuandaa siku ya michezo ya kiwanda.

Kiwanda chenyewe ni cha sabuni. Mama Makatoni alikuwa msimamizi wa ufungashaji katika zamu ya mchana, mwaka wa kumi na tisa sasa, na jina hilo la makatoni alipewa na wenzake kwa sababu anajua kila katoni ilipo, iliingiaje na itatoka lini. Mkurugenzi alikuwa ameanza kwa kuita kampuni ya kuandaa shughuli. Vijana wawili walikuja na kompyuta, wakamwonyesha picha za maputo na watu wanaokumbatiana. Watu wa ofisini na zamu ya mchana wangepelekwa hotelini, wangecheza, wangepigwa picha, basi. Mama Makatoni aliyeitwa kutoa idadi ya watu ndiye aliyeuliza, "Na zamu ya usiku, bosi?"

"Hao wataona picha," mkurugenzi akajibu, wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, wa kukata maneno kabla hayajaisha.

Hapo ndipo mama wa watu alipovuta pumzi. Alimkumbusha kwamba kila mwaka boila huzimwa siku mbili ili mkaguzi aingie ndani na tochi yake. Siku hizo mbili hakuna mvuke, na bila mvuke hakuna sabuni, kwa hiyo zamu zote mbili huwa nyumbani. Uwanja wa shule ya msingi uko nyuma ya ukuta wa kiwanda na mwalimu mkuu ni mtu wa kusikia. Michezo ifanyike moja ya siku hizo, watu wote wawepo, bila hoteli.

Mkurugenzi alizungusha kalamu. "Wataweza kukaa pamoja hao? Nasikia wanatukana kwenye mashine."

"Wataweza."

"Basi andaa wewe. Wakigombana, itakuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Wasipogombana, njoo na jambo lako lolote nitalisikiliza."

Jambo analo. Alikuwa nalo kwa miezi minane, limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka robo saa.

Tueleze hiyo robo saa ni nini, maana ndiyo kiini cha yote. Zamani zamu ya usiku ilikuwa inaingia robo saa kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ya mchana robo saa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kila mashine ina ufunguo wa chuma uliofungwa kwenye kipande cha mti chenye namba. Anayetoka hushika ufunguo, anayeingia huushika naye, na mikono miwili ikiwa juu ya ufunguo mmoja habari hutolewa: mkanda unalia, mhuri umeziba kwa sabuni, kisu kimelegea. Anayeingia akishaelewa husema, "Nimepokea." Hapo ndipo anayetoka huachia, si kabla. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Wapishi wa sabuni wa zamani waliianzisha, wengine wakaikuta, ikawa ndivyo kazi ilivyo.

Kisha akaja mtaalamu wa ufanisi mwenye tai ya mistari. Alikaa wiki mbili akihesabu watu waliosimama wakizungumza, akaandika ripoti nene, akaondoka. Robo saa ikafutwa. Ukutani pakapigwa ubao wenye misumari: anayetoka anatundika ufunguo, anayeingia anautundua. Na ili watu wasisongamane, zamu ya mchana ikatolewa kwa geti la mbele na ya usiku ikaingizwa kwa geti la nyuma.

Tangu hapo zamu mbili zikawa zinajuana kwa uchafu tu, nani kaacha nini. Mkata sabuni wa mchana, anayeitwa Wembe, na mwenzake wa usiku, anayeitwa Bundi, walikuwa marafiki wa kuazimana baiskeli. Sasa walikuwa wanaandikiana kwa chaki kwenye ubavu wa mashine namba tatu. "Wewe wa usiku, mashine si kitanda." Kesho yake jibu: "Wewe wa mchana, kisu si kijiko." Usiku mmoja makatoni arobaini yalitoka na sabuni zilizokatwa mshazari, na tangu siku hiyo hata kutajana majina wakaacha.

Mama Makatoni naye alikuwa na lake, ambalo mkurugenzi hakulijua. Mumewe ni Fundi Mvuke, mwangalizi wa boila wa zamu ya usiku. Robo saa ya jioni ndiyo iliyokuwa ndoa yao. Mama anatoka, mzee anaingia, wanakaa kwenye benchi la chini ya dirisha la stoo na chupa ya chai, vikombe viwili, wanamalizana habari za nyumba. Sasa mmoja akirudi mwingine ameshatoka. Siku ya mapumziko ya mama ni Jumapili, ya mzee Jumatano, kwa hiyo walionana kidogo tu Jumapili mzee akiamka. Waliandikiana karatasi na kuzilaza chini ya chupa ya chai. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na mume akawa mwandiko.

Basi kazi ikaanza. Ilikuwa imebaki wiki tatu, na mama aliipanga siku ya michezo kama anavyopanga lori: kizito chini, chepesi juu, kinachotoka kwanza kiwe mlangoni. Kuvuta kamba asubuhi watu wakiwa na nguvu. Mbio za magunia. Badala ya yai kwenye kijiko, kipande cha sabuni kilicholoweshwa, maana watu hawa hawatishwi na yai. Alipima uwanja kwa hatua zake mwenyewe akiwa na mfuko wa chokaa, akachora mistari, akaona imepinda, akachora tena. Aliazima turubai kwa watu wa kanisani, viti kwa watu wa msikitini, na kipaza sauti kwa jirani ambaye alitaka naye aalikwe. Alialikwa.

"Mama, hulali?" binti yake alimuuliza Jumapili moja, akamkuta mezani na daftari na rangi za kuchorea.

"Nitalala boila ikiwashwa."

Baba mtu alitoka chumbani saa tisa mchana, macho mekundu ya mtu anayelala jua likiwaka. Akaliinamia daftari juu ya bega la mkewe. "Hii ni michezo au ni vita?"

"Kaa usome. Hapa, mbio za kupokezana vijiti. Ndiyo ya mwisho, ndiyo kubwa. Kila timu watu wanne: wa mchana, wa usiku, wa mchana, wa usiku. Nimewapanga kwa mashine. Wembe anampa Bundi."

"Kwenye uso?"

"Kijiti, baba wee. Wakishakimbia pamoja watacheka. Wakicheka, mimi nasimama mbele ya watu wote, namwomba bosi robo saa yetu. Hotuba nimeshaiandika."

Fundi Mvuke alikuna kidevu. "Atasema ataangalia. Mabosi wana macho makali, wanaweza kuangalia jambo mwaka mzima."

"Ndiyo maana naomba mbele ya watu."

"Na sisi umetuweka wapi?"

Mama alifunika ukurasa kwa kiganja, akaona aibu ya kisichana. Alikuwa ameunda timu ya nne, ya boila na makatoni, ambao hawana mashine ya pamoja hata kidogo. Wa tatu alikuwa yeye. Wa nne alikuwa mumewe. Fundi Mvuke aliutazama mstari ule, akacheka kimya kimya, akaenda kunawa uso akiimba.

Kilichobaki kilikuwa vijiti. Shule haikuwa navyo. Mama akachukua mipini ya mafagio stoo, akaikata vipande vitano vya urefu wa mkono, akavipiga msasa jioni mbili mfululizo. Timu ya ofisini, ambayo mkurugenzi mwenyewe angekimbia, aliipaka nyeupe. Vile vinne vya kiwandani aliona vikikaa bila rangi ni ushamba, akavipaka rangi ya kahawia na kuandika namba za mashine, na cha timu yake namba ya boila, kwa rangi nyeusi, kwa mwandiko uleule wa vipande vya funguo. Alivipanga dirishani vikauke, akavipenda. Hakuna siku aliyojiona mtu wa maana kama hiyo.

Siku yenyewe ikafika na jua la adabu. Kuanzia saa mbili uwanja ulijaa watu, wake kwa waume, na watoto wao. Wa mchana walikaa upande wa goli hili, wa usiku goli lile, katikati nyasi tupu. Mama Makatoni alikuwa na filimbi shingoni, kalamu sikioni, na moyo unaodunda mpaka kwenye vidole.

Kamba ikavutwa. Wapishi wa sabuni wakaanguka wote kwa mpigo, watu wakaangua kicheko. Kwenye mbio za sabuni, mhasibu alikimbiza kipande chake kikateleza mpaka chini ya meza ya maji, akaingia huko kwa magoti na suruali yake nyeupe. Zile nyasi tupu za katikati zikaanza kupata watu. Kufikia chakula cha mchana, shemeji wa huku alikuwa anamgawia shemeji wa kule chungwa. Ila Wembe na Bundi, hao kila mmoja alikula akiwa amempa mwenzake mgongo.

Ikaja mbio ya mwisho. Wakimbiaji wakasimama kwenye vituo vyao kuuzunguka uwanja. Mkurugenzi alikuwa wa mwisho katika timu ya ofisini, amevaa viatu vipya vya kukimbilia na saa ya kupimia muda inayoning'inia shingoni. Filimbi ilipolia aliibonyeza mwenyewe hiyo saa, maana hata akiwa mchezoni hapendi muda upite bila kuhesabiwa.

Wembe alitoka kama alivyoitwa. Aliwaacha wote, kijiti namba tatu mkononi, watu wakasimama kwenye viti. Mama Makatoni, aliyekuwa kituo cha tatu akisubiri zamu yake, alijikuta anapiga makofi. Wembe akamfikia Bundi, akanyoosha mkono, Bundi akakishika kijiti.

Wembe hakuachia.

Wakabaki hivyo, mikono miwili juu ya kijiti kimoja. Bundi akaitazama ile namba nyeusi, kisha akamtazama mwenzake. Kutoka alipokuwa, mama alidhani wanapigana.  Miezi minane ya kusubiri, wiki tatu za kupanga, na sasa watakunjana mbele ya bosi.

Waliokuwa karibu ndio waliosikia.

"Kisu kimelegea upande wa kushoto," Wembe alisema akihema. "Tangu Jumanne."

"Mkanda?"

"Mkanda mzima."

Bundi akauliza, "Na siku ile ya makatoni arobaini?"

"Kisu hichohicho. Kengele ilikuwa imelia, nikatundika ufunguo nikatoka. Niliandika kwa chaki ukichunge."

"Mimi nilifuta. Sikusoma, nilijua ni tusi."

Kijana wa mauzo akapita na kijiti cheupe, vumbi likawaangukia. Hawakugeuka.

"Nimepokea," Bundi akasema, na hapo tu Wembe akaachia.

Wala si hao tu. Timu ya mhuri walisimama vilevile. Mpishi wa sabuni wa mchana na mpishi wa usiku walikuwa wameshikilia chao kama wanaobeba ndoo, wanaelezana chungu cha pili kinachochelewa kuchemka. Hakuna aliyewaagiza. Wameona mwenzao wa zamu nyingine, wameona mti wenye namba, mikono ikafanya ilichozoea. Mama Makatoni alielewa kosa lake mara moja: ni yeye aliyeandika zile namba. Kwa mikono yake ameiharibu mbio yake.

"Kimbieni jamani," akaita. "Hii ni mbio."

Mchochea moto wa usiku akamfikia na kijiti chao, naye hakuachia. "Geji ya mvuke ya pili inadanganya, mama. Uisome ya juu."

"Nimepokea," mama akajibu, na alikuwa ameshapiga hatua kumi alipotambua alichosema.

Alikimbia na goti lake, machozi yanamfanya aone mistari ya chokaa kama imepinda tena. Mbele yake Fundi Mvuke alikuwa amesimama kituo cha mwisho, mkono umenyooka nyuma kama vijana wa riadha. Alipoona uso wa mkewe akageuka mzima. Akakishika kijiti. Mama akataka kuachia, mkono ukakataa.

"Haya," mumewe akasema polepole. "Habari za nyumbani."

"Bomba la jikoni linavuja, nimelifunga kitambaa, usilifungue. Dada yako alipiga simu, anataka umpigie. Binti anasema anakufahamu kwa kukoroma tu." Akavuta pumzi. "Na mimi nimechoka kuolewa na karatasi. Nimekukosa sana."

Fundi Mvuke hakuwa mtu wa maneno, mvuke ulishamkausha. Alikaza kiganja chake juu ya kijiti mpaka vidole vyao vikagusana. "Nimepokea," akasema. "Yote."

Akaondoka kwa mwendo wa mtu anayeenda kununua gazeti.

Mkurugenzi alikuwa ameshamaliza zamani. Alikata utepe peke yake, akanyanyua mikono, akageuka na kukuta hakuna anayemtazama. Uwanja wote ulikuwa unawatazama watu wawili wawili waliosimama wakinong'ona. Akarudi kwa miguu, anatweta, mpaka walipokuwa Wembe na Bundi, aliyekuwa ameshakabidhi naye na kurudi.

"Kwa nini hukuachia kijiti?"

"Alikuwa hajasema amepokea, bosi," Wembe akamjibu kwa upole, kama anayemweleza mgeni choo kiko wapi.

"Lakini hii ni mbio."

"Ndiyo, bosi. Ila kisu kimelegea."

"Kisu gani?"

"Cha namba tatu. Kushoto. Tangu Jumanne."

Mkurugenzi akawageukia waliokuwa karibu. "Mbona mimi sijaambiwa? Mbona huyu wa usiku hajaambiwa mpaka leo, uwanjani?"

 Kichwa kimoja kikageuka, kikafuata kingine, mpaka uwanja mzima ukawa unamwangalia Mama Makatoni. Hotuba ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake, kurasa mbili. Hakukumbuka hata neno la kwanza.

"Tulikuwa na robo saa, bosi," akasema. "Ya kukabidhiana. Ikafutwa."

Mkurugenzi akaitazama ile saa shingoni mwake. Alikuwa amesahau kuizima. "Dakika tisa," akasema. "Mbio ya dakika mbili imekwenda dakika tisa."

"Tena wamekimbia, bosi. Wakitembea inafika kumi na tano," mama akasema.

Bundi ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyekaa nacho miezi minane, akamwegemea Wembe ili asianguke. Kikasambaa. Mkurugenzi alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akainama na kushika magoti.

Alipoinuka alifuta macho na kusema, "Nitaangalia."

Fundi Mvuke, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika mwisho wa mbio, akakohoa. Mama hakuthubutu kumtazama.

Timu ya ofisini ikachukua kikombe. Boila ikawashwa siku ya tatu, mama akarudi kazini, akafunga makatoni mia sita na kitu, akajisemea kwamba walau watu wamecheka. Siku ya nne ikapita hivyohivyo. Siku ya tano jioni, alipokuwa anahesabu lori la mwisho, kengele ikalia. Alitazama saa ya ukutani akadhani imekosea: ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo.

Akaenda mpaka kwenye ubao wa funguo. Misumari ilikuwa imeng'olewa, yamebaki matundu. Geti la mbele lilikuwa wazi na zamu ya usiku ilikuwa inaingia kwa huko, Bundi mbele, anamwita Wembe kwa jina lake halisi kwa sauti ya kusikika kiwanda kizima.

Fundi Mvuke alikuwa ameshakaa kwenye benchi la chini ya dirisha la stoo. Chupa ya chai ilikuwa ubavuni mwake, na chini yake hapakuwa na karatasi. Mama alimimina kikombe cha kwanza, akampelekea. Mzee akakishika. Mama hakuachia.

"Nimepokea, mke wangu," akasema. "Niachie ninywe."

Hakuachia upesi.